UZI: Mtu wa mia tano hanunui maziwa, ananunua mia tano (daftari la kibanda changu, Gongo la Mboto, Dar)

Mzee wa Ndoo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwaka Wiki ya Maziwa ikikaribia kilele chake, tarehe 1 Juni, redioni ni wimbo uleule: Watanzania hatunywi maziwa, tuelimishwe. Wataalamu wanasema mtu mmoja nchini anatumia lita 60 na ushee kwa mwaka, na kiwango kinachohimizwa ni lita 200. Kwenye takwimu sina ugomvi. Ugomvi wangu ni hilo neno "tuelimishwe". Huu ni mwaka wa sita nauza maziwa freshi na mtindi hapa Gongo la Mboto, na sijakutana na mama hata mmoja asiyejua kwamba maziwa ni mazuri kwa mtoto. Niliokutana nao ni wanaosimama mbele ya friza wakihesabu sarafu, wakiangalia kikombe, wakihesabu tena.

Maziwa yananijia kwa bodaboda kutoka Pugu na Chanika, kwenye keni za lita 20, asubuhi na jioni. Kila kinachotoka naandika kwenye daftari. Si kwamba nina akili ya utafiti. Mwaka wa kwanza nilimwambia mke wangu hakuna faida, hakuniamini, ikabidi niwe na ushahidi. Tabia ikabaki.

Wateja wangu ni wa namna tatu. Kuna wa mia tano: anakuja na kikombe, bakuli, au chupa ya maji iliyokatwa shingo, anaweka sarafu mezani. Kuna wa chombo: jagi au chupa, anachukua nusu lita au lita. Na kuna wa biashara: mama ntilie na wauza chai wa stendi.

Sasa sikilizeni. Septemba 2024 nyasi zilikauka, pumba zikapanda, wafugaji wakaniongezea, na mimi nikatoka shilingi 2,000 kwa lita nikaenda 2,400. Wiki mbili kabla nilikuwa nauza wastani wa lita 84 kwa siku. Wiki mbili baada, lita 71.

Mkikaa na daftari mtaona zile lita 13 hazikupotea sehemu moja. Wa mia tano walikuwa wanabeba lita 30 kwa siku, yaani watu kama 120, kila mmoja robo lita. Bei ilipopanda hakukimbia mtu. Walikuja walewale 120, na sarafu zilezile 120. Nilichofanya ni kushusha mstari kwenye kikombe, kutoka mililita 250 hadi kama 208. Lita 30 zikawa 25. Hakuna aliyelalamika zaidi ya kusema "leo umenipunja". Wa chombo walishuka kutoka lita 38 hadi 33: wa lita akawa wa nusu na robo, wa nusu wengine akawa anaruka siku. Wa biashara walitoka lita 16 wakaenda 13, ila chai yao ikauzwa bei ileile. Nendeni mkaionje, rangi yake kama maji ya mchele.

Hapo ndipo nilipojifunza. Mtu wa mia tano hanunui maziwa, ananunua mia tano. Maziwa yatakuwa kiasi gani humo ndani, hiyo ni shauri ya nyasi za Chanika.

Halafu chukueni kalamu. Lita 200 kwa mwaka ni kama mililita 548 kwa siku. Familia ya watu watano ni lita 2.74. Kwa 2,400 hiyo ni shilingi 6,576 kwa siku, karibu 197,000 kwa mwezi. Kwa mtumishi wa umma wa kima cha chini cha zamani, 370,000, hiyo ni zaidi ya nusu ya mshahara kabla hata ya makato. Hapo hajalipa kodi ya nyumba wala hajanunua unga. Huyo unamwelimisha nini?

Karibuni tuongee. Wa matusi apite kimya kimya.

---

Kijiti cha Moto

Nimeweka kambi hapa. Ngoja nikachemshe chai ya rangi, maana ya maziwa nimeshaona bei.

---

Ticha Mstaafu

Mzee wa Ndoo, nilifundisha uchumi sekondari miaka 31 na mifano yangu ilikuwa ya kubuni kwa sababu sikuwa na daftari kama lako. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama zote, halafu ningekusahihisha kidogo.

Tunachokiita unyumbufu wa mahitaji ni kuuliza: bei ikipanda kwa asilimia fulani, manunuzi yanashuka kwa asilimia ngapi? Kwa njia ya katikati (unagawa tofauti kwa wastani wa kabla na baada, ili kupanda na kushuka kutoe jibu moja), bei yako ilipanda asilimia 18.2. Jumla ya lita ilishuka asilimia 16.8. Gawanya, unapata 0.92, karibu sana na moja. Ndiyo maana pesa yako haikutikisika: lita 84 kwa 2,000 ni 168,000, lita 71 kwa 2,400 ni 170,400. Umeuza maziwa pungufu, ukapata karibu hela ileile. Kama na wafugaji walikuongezea sana, basi huenda faida yako ilishuka, na mkeo alikuwa na haki ya kununa.

Lakini jumla inaficha mambo. Kundi kwa kundi: wa chombo ni 0.77, wagumu kidogo kuyumba, maziwa kwao ni desturi ya nyumba. Wa biashara ni 1.14, hao ndio walioruka zaidi, kwa sababu wana mahali pa kujificha: maji. Wa mia tano ni moja kamili. Siyo kwa bahati. Mtu aliyetenga kiasi maalumu cha fedha na hakibadilishi, unyumbufu wake ni moja siku zote, hata upige hesabu mara mia. Kauli yako ya mia tano ipo kwenye vitabu tangu zamani, ila imevaa suti.

---

Binti Ukonga

Samahani Mzee wa Ndoo, mimi nasimama upande wa elimu. Hao unaowaonea huruma na mia tano zao, ukienda duka la pili utawakuta na soda ya 700. Soda wanaijua, maziwa ni "ghali". Mnatetea tabia kwa jina la umaskini.

---

Fundi Rangi

Binti Ukonga kagonga msumari. Tena na vocha ya bando asubuhi kabla ya chai.

---

Mzee wa Ndoo (mwanzisha uzi)

Binti Ukonga, hoja yako ni nzuri na nimeshaisikia sana, nakujibu kwa yale ninayoyaona.

Soda ya 700 inaisha pale pale na inatoka mfukoni mwa mtu mmoja: kijana yuko kazini, jua kali, anajipoza. Maziwa yanatoka kwenye hela ya kula ya nyumba nzima, ile anayoachiwa mama asubuhi. Hizo ni pochi mbili tofauti hata kama watu ni walewale.

Pili, mia tano ya maziwa haiishii mia tano. Maziwa freshi lazima uyachemshe, weka mkaa au gesi. Ukishachemsha unataka sukari na majani ya chai. Yakibaki na huna friji, jioni yamekatika. Soda haina hayo.

Nikupe ushahidi wa sukari. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika ikapita 4,000 kwa kilo? Mimi bei ya maziwa sikuigusa hata shilingi. Lakini Februari nzima maziwa ya asubuhi yalikuwa yanabaki. Nilifikiri kuna mtu kafungua kibanda mtaa wa pili, nikamtuma kijana akapeleleze. Hakuna kibanda. Dada mmoja akaniambia: "Mjomba, chai ya maziwa bila sukari watoto hawanywi, na sukari ikiwa ya kuhesabu kijiko tunapika uji wa chumvi." Maziwa yangu yalikuwa yanagandishwa mtindi kwa sababu ya mtu mwingine kabisa, aliyeko kiwandani Kilombero huko au bandarini.

---

Ticha Mstaafu

Hizo zinaitwa bidhaa za kutumika pamoja. Bei ya moja ikipanda, mahitaji ya mwenzake yanaanguka. Nilikuwa nafundisha kwa mfano wa gari na petroli, darasa ambalo nusu yake hawajawahi kupanda gari. Kumbe mfano ulikuwa kwenye kikombe chao cha asubuhi.

---

Chai Nzito

Hamjambo ndugu zetu. Mimi ni jirani, niko Kayole, Nairobi. Huu uzi umenishika.

Huku kwetu chai ni ya maziwa bila kuuliza. Maji na maziwa vinachemshwa pamoja na majani kwenye sufuria moja. Ukimpa mgeni strungi, yaani chai ya rangi, huyo mgeni atakusema mpaka kwa shangazi yake. Ndio maana sisi tumepita lita 100 kwa mtu kwa mwaka. Hatuna pesa kuwazidi hivyo, ni kwamba maziwa yameingia kwenye kitu ambacho hatuwezi kuacha. Mimi ni wa kizazi cha maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti ya pembe tatu tuliyokuwa tunapewa shuleni kuanzia 1979 wakati wa Moi. Mtoto aliyezoeshwa hivyo, akiwa mzee atapunguza nyama kwanza kabla ya kugusa chai.

Lakini bei inatupiga pia. Septemba 2013 serikali ilipoweka VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwa maziwa ya pakiti, yale ya kuchotwa hayakuguswa. Mimi siku hiyohiyo nilirudi kwa yule jamaa wa mtungi. Sikuacha maziwa, niliacha pakiti.

Na ile ya mia tano, huku dawa yake imekuwa ATM ya maziwa. Mashine iko dukani, ina baridi yake, unaweka chupa, unasema ya shilingi 20 za Kenya, inakupa ya 20. Ya 35, inakupa ya 35. Hakuna kikombe cha muuzaji wala mstari wa kushushwa usiku. Wewe Mzee wa Ndoo, mtu akija na mia tatu unamfanya nini?

---

Mzee wa Ndoo (mwanzisha uzi)

Chai Nzito, wa mia tatu namwambia arudi akijaza. Sikuwahi kulifikiria. Acha nilale nalo.

---

Mama Keni

Mimi ndiye niko upande wa pili wa hiyo bei mnayoilaani. Niko Hai, Kilimanjaro, ng'ombe wawili wa kisasa zizini, nyasi nabeba kichwani na nyingine nanunua.

Mnasema bei ikipanda walaji wanapunguza. Na sisi wenye ng'ombe mnafikiri tunakunywa tu kwa kuwa yako zizini? Hapa desturi ni maziwa ya asubuhi yanaenda kituo cha kukusanyia, ya jioni ni ya nyumbani. Ya jioni ndiyo ya watoto, ya bibi, ya kugandisha, na yakizidi mama anauza jirani, hiyo ni hela yake ya chumvi, baba haulizi. Sasa bei ikipanda kiangazi, anakuja kijana na pikipiki jioni, anakuta hata ya watoto anayataka, anatoa bei nzuri. Kiangazi hichohicho ng'ombe ameshuka, badala ya lita 9 anatoa 6, na pumba imepanda. Unafanyaje? Unauza na ya jioni. Watoto wa mwenye ng'ombe wanakunywa chai ya rangi.

Hela inaongezeka mkononi, maziwa yanapungua mezani. Msimu wa mvua, maziwa mengi, kituo kinasema kimejaa, kinarudisha keni: hapo ndiyo tunakunywa mpaka paka anashiba. Nyie mnasema tajiri anakunywa zaidi. Kwangu mimi nakunywa zaidi wakati nimefilisika.

---

Kijiti cha Moto

"Nakunywa zaidi wakati nimefilisika." Mama Keni, shikamoo. Hii naiweka kwenye stetasi.

---

Bin Karafuu

Assalaam alaykum. Mie niko Mwanakwerekwe, Unguja. Nyote mmesahau maziwa ya unga. Huku nyumba nyingi chai ya maziwa ni ya unga, na si kwa sababu ya utamu. Maziwa mabichi ya ng'ombe ukichelewa kuchemsha imekula kwako. Unga uko kabatini, wateka kijiko kimoja leo, viwili kesho akija mgeni, umeme ukizimika hakiharibiki kitu. Na ile pakiti ndogo ya dukani ya kupikia chai mara moja ndio yenye kuuza. Ukifanya hesabu kwa kilo, ile ndogo ni ghali kupindukia kuliko kopo kubwa. Lakini nani ana hela ya kopo kubwa siku ya Jumanne?

Kitu kimoja tu hakina unga: Ramadhani. Mtindi wa futari ni mtindi wa ng'ombe, na mwezi ule bei ipande isipande, watu wananunua. Mwuzaji anajua, na yeye anajua kuwa sisi twajua.

---

Mzee wa Ndoo (mwanzisha uzi)

Bin Karafuu, alaykum salaam. Hapo kwenye unga umenikumbusha kitu nilichokuwa nakiona bila kukielewa. Aprili 2025 mvua zilipokolea nilirudisha bei kwenye 2,000 ileile ya mwanzo. Nilitegemea lita 84 zangu zirudi. Zilirudi 79. Wa mia tano walirudi wote, mstari ukapanda, wakafurahi. Wa biashara walirudi. Wa chombo hawakurudi wote. Nikamuuliza jirani mmoja aliyekuwa wa lita moja kila siku, mwalimu, akaniambia alipohamia unga ule mwezi wa Oktoba aliona amepata usingizi wa ziada: haamki kuwahi maziwa kabla hayajaisha, hachemshi, watoto wamezoea. "Sasa nirudi kufanya nini?"

Kwa hiyo mlango wa kutokea ni mpana kuliko wa kurudia. Kiangazi cha mwaka huu bei imerudi 2,400 na nimeshaanza kuhesabu nitampoteza nani.

---

Fundi Rangi

Mzee wa Ndoo unaongea vizuri sana ila hujagusa maji. Nyie bei ikipanda mnaweka maji, bei ikishuka mnasahau kuyatoa. Sema ukweli hapa hadharani.

---

Mzee wa Ndoo (mwanzisha uzi)

Nitasema. Mimi siweki. Lakini nimewahi kuuza yenye maji bila kujua, karibu mwezi mzima, mwaka wa pili. Mfugaji mmoja (simtaji) wenzake wote walipandisha, yeye akasema "mzee wangu, kwako siongezi". Nikamwona ndugu. Mpaka siku nilipoazima laktomita, kile kipimo cha kutumbukiza kinachoumbua maji kwenye maziwa. Kwa maziwa mazuri ya ng'ombe inasimama kwenye 28, 29, hata 30. Yake ilizama mpaka 23. Nikarudia nikidhani nimesoma vibaya, maana yalikuwa bado na joto. Nikayapooza, nikapima tena: 24.

Fanyeni hesabu: ukiuza lita kwa 2,000 ikiwa na asilimia 15 ya maji, maziwa yenyewe umeyauza kwa karibu 2,350. Hakupandisha bei, alipandisha maji. Na mteja hajui, anaendelea kununua kiasi kilekile, daftari langu linaonyesha "mahitaji hayajabadilika". Ticha, mimi naona takwimu nyingi za unywaji wa maziwa Dar zina maji ndani.

Sasa nina laktomita yangu, imening'inia pale pale mteja anaiona. Akitaka apime mwenyewe.

---

Nesi wa Zamu

Mimi ni msomaji tu humu, leo nachangia. Ni mhudumu wa afya, serikalini, nimo kwenye hao wa kima cha chini. Julai 2025 mshahara ulipotoka 370,000 kwenda 500,000, kwa asilimia 35 na kidogo, nilijiambia watoto wangu sasa watakunywa maziwa kila siku. Kwa hiyo niwape hesabu ya mtu aliyepandishiwa kipato kweli, siyo ya kitabuni.

Lita hazijaongezeka kivile. Nilikuwa nanunua nusu lita freshi siku nne kwa wiki, sasa ni siku tano. Kilichobadilika ni aina. Nimehamia pakiti siku za zamu ya usiku, kwa sababu natoka nimechoka sitaki kusimamia sufuria. Mtoto wa chekechea anabeba yogati ya kikombe Jumatatu na Ijumaa, ameona wenzake. Mwezi wa nane nilinunua jibini kwa mara ya kwanza maishani, kipande kidogo, mume wangu akasema inanuka soksi, tumeishia hapo.

Ile nyongeza nyingine? Kodi ya nyumba, mwenye nyumba alisikia tangazo siku moja na mimi. Ada. Mchango wa kikoba. Na mdogo wangu kijijini naye alisikia redio.

Kwa pesa, natumia karibu mara mbili kwenye maziwa na jamii yake. Kwa ujazo, siku moja zaidi kwa wiki.

---

Ticha Mstaafu

Nesi, aya zako nne zimenikumbusha kile ambacho Mjerumani Ernst Engel alianza kukionyesha mwaka 1857 kwa daftari za matumizi ya familia: kipato kikipanda, sehemu ya kipato inayoenda kwenye chakula inapungua, hata kama fedha yenyewe inaongezeka. Ila ndani ya hicho chakula watu wanapanda ngazi. Fedha yako ya maziwa imekimbia, lita zimetembea. Anayepima kwa fedha atasema kipato kinasukuma sana maziwa. Anayepima kwa lita atasema kinasukuma kidogo. Wote wawili wana haki, na wote wawili watashindana bure kwenye semina hotelini.

Ndiyo maana wenye viwanda wanashangilia mishahara kupanda kuliko Mzee wa Ndoo. Nyongeza inaenda kwenye kikombe cha yogati, haiji kwenye keni.

---

Mzee wa Ndoo (mwanzisha uzi)

Ticha ni kweli. Kuanzia Agosti nimeongeza yogati kwenye friza, na wanaonunua ni walewale wa chombo, watumishi. Wa mia tano hata jicho hawaitupii.

Na jambo moja sijaliona likisemwa: kipato cha mwezi na kipato cha siku si kitu kimoja hata kama jumla ni sawa. Mtumishi ananunua kwa kalenda: tarehe 25 hadi 5 lita, tarehe 15 nusu, tarehe 20 "niandikie". Kijana wa kubeba mizigo hana kalenda, ana leo. Leo amepata, mia tano mbili. Kesho mvua, hakuna. Wote wawili mwisho wa mwezi wanaweza kuwa wamepata kiasi kilekile. Huyu wa kwanza namkopesha, wa pili simkopeshi. Kwa hiyo mtumishi anakunywa maziwa tarehe 20 kwa hela ya tarehe 25, na kijana wa mizigo siku ya mvua mtoto wake hanywi. Si dhambi yangu peke yangu, nikikopesha wote nafunga.

---

Binti Ukonga

Mzee wa Ndoo, sijabadili msimamo wote lakini ile ya pochi mbili nimeikubali. Nimefanya jaribio leo: nilikuwa na hela ya soda mfukoni na hela ya kula kwenye droo. Njaa ilipouma sikufungua droo.

---

Chai Nzito

Na wa mia tatu je? Bado unamfukuza?

---

Mzee wa Ndoo (mwanzisha uzi)

MREJESHO, baada ya siku kumi.

Wakuu, nimejaribu ya Chai Nzito. Sina hela ya mashine, nilichofanya ni kununua jagi la plastiki lenye mistari ya mililita na kuandika kwenye kadibodi: "Maziwa kwa hela yoyote uliyonayo." Kwa 2,400, mia tatu ni mililita 125. Mke wangu alisema nimerogwa.

Siku ya kwanza walikuja 14. Jumamosi iliyofuata 41. Lakini daftari halidanganyi: kati ya hao 41, kama 18 walikuwa wa mia tano walioshuka, niliwatambua kwa vyombo vyao. Waliobaki 23 ni wapya. Kwa hiyo 41 wamebeba lita 5 na kidogo, wale 18 wangebeba karibu lita 3.7 kwa mia tano zao, faida ya ujazo ni kama lita 1.4. Siyo utajiri. Na foleni imekuwa ndefu, kijana wangu anataka aongezwe posho.

---

Ticha Mstaafu

Hao 23 wapya ni akina nani? Hilo ndilo swali la maana kuliko lita.

---

Mzee wa Ndoo (mwanzisha uzi)

Ticha, wengi ni watoto waliotumwa, wanakuja na chenji ya mkate. Wapo vijana wawili wa kuosha magari, wanachanganya mia tatu zao wananywa hapo hapo kikombe kimoja kwa zamu. Na kuna bibi anaishi nyuma ya stendi, nilikuwa namwona anapita mbele ya kibanda miaka yote, nikidhani hapendi maziwa. Sasa anakuja kila siku saa kumi na moja jioni na kifuniko cha chupa ya chai, ndicho chombo chake, kinaingia mia tatu kamili. Jana maziwa yalichelewa Pugu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kusubiri boda.

Ngoja niishie hapa, hiyo inaingia.